Hodi katika Nyumba Isiyo na Mlango

Nyumba ya jadi ya Kisamoa haina ukuta. Ina sakafu iliyoinuliwa kwa mawe, nguzo zilizosimama duara kama watu kwenye ngoma, na paa la mviringo juu yake. Basi. Apitaye barabarani humwona bibi aliyejilaza, mtoto anayeandika kazi ya shule, televisheni inayowaka, na picha za marehemu zilizotundikwa nguzoni. Mvua ikipiga upande mmoja, wenyewe hushusha majamvi ya makuti yaliyokunjwa chini ya paa. Ikipita, huyapandisha tena. Nyumba hiyo huitwa fale.

Kwa mtu aliyelelewa kwa hodi na karibu, fale ni fumbo. Utabisha wapi? Utasimama upande gani usubiri kuitikiwa? Watalii wengi huona nafasi wazi wakadhani ndiyo ruhusa. Mlango upo. Hauonekani kwa macho, lakini kila mtoto wa kijiji anajua ulipo, na anajua mgeni ameukanyaga saa ngapi. Samoa imejaa milango ya namna hiyo: fukweni, barabarani, katika saa za jioni, hata katika siku za juma. Nitayataja ya kutia sandukuni, ila mengi ya sura hii ni ya milango hiyo.

Samoa ninayoisema ni dola huru yenye makao makuu Apia, kisiwani Upolu. Pacha wake mkubwa zaidi ni Savai'i, na katikati yao vimekaa visiwa vidogo vya Manono na Apolima. Ukiunganisha Unguja na Pemba, utapata nchi ndogo kidogo tu kuliko Samoa nzima. Lakini Zanzibar ina watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, na Samoa ina laki mbili na ushee. Wasamoa wengine wengi wako New Zealand, Australia na Marekani, wakituma fedha nyumbani. Hilo nalo msomaji wetu hahitaji kuelezwa.

Hakuna njia fupi ya kufika. Utapitia Ghuba, kisha Auckland, Sydney, Brisbane au Nadi ya Fiji, na utatua Faleolo umesahau ulianza safari siku gani. Samoa yenyewe si kali: mtalii hupewa kibali anapofika, mradi pasipoti iwe na miezi sita mbele na tiketi ya kuondoka iwepo. Kikwazo ni nchi za njiani, zinazoweza kukudai viza hata kama hutoki nje ya uwanja. Ulizia hilo kabla ya kulipa nauli. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana anayetoka upande wetu huulizwa. Hakikisha pia chanjo yako ya surua. Mwishoni mwa 2019 surua iliua watu 83 huko, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Serikali ilifunga shughuli za nchi kwa siku mbili, ikaziambia familia ambazo hazijachanjwa zitundike kitambaa chekundu mbele ya nyumba, na wachanjaji wakapita kijiji kwa kijiji wakifuata vitambaa.

Malaria haipo. Mbu wake hawakuwahi kuenea mashariki ya Vanuatu. Dengi ipo, na mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kujipaka ina kazi zaidi kuliko chandarua. Soketi za umeme ni za Kiaustralia, zenye matundu mawili ya mshazari, na plagi yetu ya pini tatu nene haiingii. Fedha ni tala, na nje ya Apia noti ndogo ndogo zina thamani kuliko kadi ya benki. Kiangazi ni Mei hadi Oktoba. Novemba hadi Aprili ni masika na msimu wa vimbunga.

Forodhani watatazama hata nyayo za viatu vyako, na wana sababu. Mwaka 1993 kuvu wa majani aliingia katika mashamba ya magimbi, zao lililokuwa chakula cha kila nyumba na bidhaa kubwa ya kuuza nje, akayamaliza karibu yote. Na mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1990 aliingia mharibifu mwingine tunayemfahamu: konokono yule mkubwa wa kahawia, mzaliwa wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, aliyesambaa duniani kwa mikono ya watu mpaka akafika Upolu kula mboga za wenyewe. Kwa hiyo usibebe embe, mbegu wala udongo. Ametutangulia mmoja, ametosha.

Kisamoa kina zawadi kwa masikio ya Mswahili. Herufi g hutamkwa ng', kama ya ng'ombe, sauti inayowatesa Wazungu tangu walipofika. Jamaa ni aiga, yaani aing'a. Mji wa Pago Pago ni Pang'o Pang'o. Hesabu nayo ina mshangao: tasi, lua, tolu, fa, lima, ono, fitu, valu. Mmalagasi husema roa kwa mbili, telo kwa tatu, fito kwa saba, valo kwa nane. Ni lugha za ukoo mmoja, zilizosafirishwa kwa mitumbwi yenye matengo kutoka kusini-mashariki ya Asia, tawi moja likaelekea Pasifiki na jingine likavuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska. Lima kwao ni tano, na pia ni mkono. Kwetu ni kazi ya mkono huo. Lakini hapo ni bahati tu, usijenge nadharia.

Maneno matatu yanatosha kuanzia. Talofa ni salamu. Fa'afetai ni asante. La tatu, ambalo vijitabu vya watalii hulipitia haraka, ndilo lenye thamani kuliko yote: tulou. Hulisema anayelazimika kupita mbele ya watu waliokaa, na hulisema ameinama, mkono mmoja chini, kama anayepita chini ya kamba. Ni hodi na samahani kwa pamoja. Wazee wakiwa wamekaa mkekani, wewe hukai kitini wala husimami juu yao. Unakaa chini, miguu umeikunja. Ikichoka, nyoosha, lakini ifunike kwa mkeka au nguo. Nyayo zilizoelekezwa usoni mwa mtu ni tusi. Mtoto aliyesoma chuo cha Qur'ani au aliyekaa msibani kwenye jamvi atafaulu bila mazoezi.

Vazi ni lavalava, shuka la kujifunga kiunoni, la wanaume na wanawake. Mwanamume wa Lamu aliyezoea kikoi atapita Apia bila kugeuziwa shingo. Polisi huvaa namna hiyo hiyo, ya buluu, na kila asubuhi ya siku ya kazi bendi yao ya tarumbeta huandamana hadi kwenye mlingoti wa serikali bendera ipandishwe. Kaptura fupi na nguo za kuogelea ni za baharini tu. Ukitoka majini uingie kijijini, jifunge. Kwa mwanamke, paja lililo wazi ndilo hushtua. Kanga mbili sandukuni zitakufanyia kazi ya taulo, shuka, pazia na heshima.

Sasa milango yenyewe. Wa kwanza ni wa saa. Jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, husikika kengele, au ganda la konokono wa bahari likipulizwa kama baragumu, au mtungi mtupu wa gesi ukigongwa kama tunavyogonga rimu ya lori shuleni. Hiyo ni sa, saa ya sala. Katika vijiji vingi vijana wenye lavalava husimama kando ya barabara kuona nani anatembea. Mgeni aliyekutwa njiani hukaa chini pale alipo, au hungoja nje ya kijiji, mpaka kengele ya kumaliza ilie, na si muda mrefu. Anayepuuza hukemewa, na mwenyeji anayepuuza hutozwa faini na baraza la kijiji, pengine ya nguruwe au maboksi ya samaki wa kopo. Baraza hilo ni la matai, wakuu wa koo, kila mmoja akiwa na jina la cheo lililokabidhiwa na aiga yake. Kabla ya uchaguzi wa 1991 ni matai tu waliopiga kura, na mpaka leo kugombea ubunge kunahitaji cheo hicho. Kwa hiyo mzee aliyekaa chini ya mwembe akitengeneza kamba za makumbi huenda ndiye serikali uliyokuwa ukiitafuta.

Mlango wa pili ni wa ardhi, na hapo ndipo wageni hununa. Takriban asilimia 80 ya ardhi ya Samoa ni ya jadi, chini ya matai kwa niaba ya aiga. Haiuzwi. Ufukwe, maporomoko ya maji, pango la kuogelea, hata njia ya kufikia, vina wenyewe, na wenyewe wamekaa pale kwenye fale wakitoza tala chache. Nimesoma malalamiko mengi ya watalii kuhusu ada hizo, na sina huruma nayo. Sisi tulio na pwani tunajua kinachotokea ufukwe unapokosa mwenyewe wa kijijini: siku moja unazungushiwa ukuta, na mvuvi anaambiwa apitie nyuma. Samoa hoteli zimepanga, wenyeji wamebaki. Lipa mlangoni, umlipe mtu mzima aliye kwenye fale ya eneo hilo, wala si mtoto aliyekukimbilia njiani. Ukiona ufukwe mtupu usio na mtu wa kumlipa, usishukuru. Tembea mpaka kwenye nyumba ya karibu ukaombe.

Malazi mazuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni fale za ufukweni: sakafu ya mbao, godoro, chandarua, na bei inayohusisha chakula cha jioni na kifungua kinywa. Zipo nyingi Lalomanu, kusini-mashariki ya Upolu, na Manase, kaskazini ya Savai'i. Lalomanu ni mahali pa kulala kwa adabu. Tarehe 29 Septemba 2009, asubuhi mapema, tetemeko la nguvu ya 8.1 lilituma tsunami katika pwani ile ya kusini. Samoa ilizika watu 149. Familia zilizopoteza jamaa ndizo zilizojenga upya na kukukaribisha. Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, usingoje king'ora. Panda kilima.

Kwenda huko tumia basi angalau mara moja. Ni la bodi ya mbao, limepakwa rangi za kupigana, na muziki wake ungeliona matatu la Nairobi kama kaka. Likijaa halisemi limejaa: watu hukaliana mapajani, wasiofahamiana, kimya, bila kuombana. Kuna utaratibu wa nani akae mbele na nani arudi nyuma, nao unapangwa kwa macho tu. Nauli hulipwa ukishuka. Magari huendeshwa kushoto kama kwetu, lakini tangu tarehe 7 Septemba 2009 tu. Kabla ya hapo ilikuwa kulia. Nchi ilihama upande kwa siku moja ili magari ya bei nafuu ya New Zealand, Australia na Japani yaweze kuingia.

Jumapili ni mlango mzima uliofungwa. Ukristo uliletwa na John Williams wa London Missionary Society mwaka 1830, akatua Sapapali'i, Savai'i, na leo huwezi kutembea kilomita mbili bila kupita kanisa kubwa kuliko shule. Jumapili usipange safari, usipange kuogelea mbele ya kijiji, na maji yako nunua Jumamosi. Kabla jua halijapanda, moshi hutanda mitaani: umu zimewashwa. Umu ni jiko la mawe yaliyochomwa mpaka yakawa mekundu, juu yake vikapangwa magimbi, shelisheli, samaki na nguruwe, kisha majani ya mgomba yakafunika yote. Mwislamu aulize kabla ya kupokea sahani. Nguruwe hakosekani, na mwenyeji haoni vibaya ukieleza.

Palusami nayo nitaisemea zaidi, maana ndiyo iliyonifanya nione kwamba bahari hizi mbili zina mpishi mmoja. Wanachukua majani machanga ya magimbi, wanayafinyanga kama kikombe kiganjani, wanamimina kasimele yenye chumvi na vitunguu, wanafunga, wanaoka. Kasimele hiyo inatoka wapi? Kijana amekaa juu ya kibao chenye meno ya chuma, ni mbuzi kabisa, anakuna nazi; kisha anakamua machicha kwa nyuzi za gome la mti, pale ambapo bibi zetu wangetumia kifumbu. Nimesema kijana. Umu ni kazi ya wanaume. Wavulana huamka alfajiri kuwasha, kukuna na kukamua, na mvulana asiyejua kukamua tui huchekwa. Hapa kwetu ningependa waume wa pwani waisome aya hii kwa sauti. Kuna pia oka, samaki mbichi aliyekatwa vipande akalowekwa kwa ndimu na tui; na koko, kakao ya kukaanga na kutwanga nyumbani, inayonywewa na chenga zake.

Ukialikwa mlo huo, uitwao to'ona'i, usiende mikono mitupu. Na usishangae mwenyeji akikaa pembeni akikupepea bila kula: wageni na wazee hutangulia. Bakiza, kwa sababu kinachobaki ndicho chao. Pengine utapewa 'ava, maji ya mzizi uliosagwa, katika kifuu cha nazi. Mwaga tone kidogo chini, sema manuia, unywe. Ganzi utakayoisikia ulimini itapita.

Neno ambalo Wasamoa hulitaja kwa pumzi ndefu ni fa'alavelave. Maana yake ya asili ni kutatiza, kama kamba iliyojisokota. Ni harusi, msiba, kutawazwa matai, kuzindua kanisa: kila jambo linalomwita mtu wa aiga achange fedha, nguruwe, na ie toga, mikeka laini iliyosukwa kwa miezi au miaka, ambayo haikaliwi bali hutolewa na kupokewa. Wapo wanaokopa benki kwa ajili ya hayo. Msomaji mwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi na jingine la rambirambi atakuwa ameelewa kabla sijamaliza sentensi.

Ie toga hiyo hiyo ina kazi nyingine, na kama ningeruhusiwa kueleza desturi moja tu ya Samoa ningechagua hii. Mtu akiua, au akidhalilisha mtu wa aiga nyingine, jamaa zake huenda alfajiri kwenye fale ya waliokosewa. Mkuu wao hukaa chini nje, kichwa kimeinamishwa, na mkeka bora wa ukoo umemfunika mwili mzima. Hasemi. Jua linapanda. Ndani, familia yenye msiba inamwona. Haina ukuta wa kujificha. Wakitoka wakamfunua mkeka, wamesamehe, na mazungumzo yanaanza. Wasipotoka, anaendelea kukaa, akijua kwamba yeyote mwenye hasira anaweza kumfikia kwa panga wakati haoni kitu. Huitwa ifoga. Mahakama za nchi zina kazi yake bado, lakini majaji huitia maanani ifoga iliyopokelewa. Hodi nzito kuliko hiyo siijui.

Mwili nao una mlango wake. Neno la Kiingereza la chale za wino lilitokana na tatau ya Kipolinesia, na Samoa haikuwahi kuiacha hata wamisionari walipoikataza. Mwanamume huchorwa pe'a, kutoka kiunoni hadi magotini. Mwanamke malu, mapajani. Zana ni kitana cha pembe ya nguruwe kilichofungwa kwenye mpini na kugongwa kwa kijiti. Anayeshindwa maumivu akaacha katikati hubaki na aibu inayoonekana. Hadithi inasema mapacha wa kike, Taema na Tilafaiga, walikuja wakiogelea kutoka Fiji na zana hizo, wakiimba kwamba wanawake wachorwe, si wanaume. Wakapiga mbizi kufuata kombe zuri, na walipoibuka wimbo ulikuwa umepinduka. Usimpige picha mwenye pe'a bila kumwomba, na usimguse ili kuona kama ni ya kweli.

Vuka kwenda Savai'i, kwa feri ya saa moja na ushee kutoka Mulifanua hadi Salelologa. Huko volkano ya Matavanu ilitapika kati ya 1905 na 1911 na kuzika vijiji. Saleaula, lava iliingia kanisani na ingali pale, nyeusi, imepoa katika mawimbi yake. Enzi hiyo bendera iliyopepea Apia ndiyo iliyopepea Dar es Salaam. Wajerumani waliitawala Samoa Magharibi kuanzia 1900 hadi New Zealand ilipoitwaa bila risasi Agosti 1914, na Heinrich Schnee, gavana wao wa mwisho Afrika Mashariki, aliwahi kufanya kazi Samoa kama naibu wa gavana. Chini ya New Zealand ikazuka harakati ya Mau. Jina halihusiani na Mau Mau ya Kenya, na watu wake walishika njia ya amani. Hata hivyo, tarehe 28 Desemba 1929 polisi waliwafyatulia risasi barabarani Apia, na kiongozi wao Tupua Tamasese Lealofi III akafa akiwasihi wasilipize. Uhuru ulikuja tarehe 1 Januari 1962.

Imebaki mipaka ya siku. Mwaka 1892 wafanyabiashara walimshawishi mfalme aisogeze Samoa upande wa kalenda ya Marekani, na tarehe 4 Julai ikasherehekewa mara mbili. Miaka 119 baadaye biashara ilikuwa imehamia Australia na New Zealand, na Ijumaa ya Apia ilikuwa Jumamosi ya Auckland. Basi nchi ililala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 ikaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ile haikuwepo. Waadventista walibaki na swali zito: Sabato ni siku inayoitwa Jumamosi, au ni ya saba kwa hesabu iliyokuwepo? Kanisa lao Samoa likaamua kuabudu siku ambayo sasa huitwa Jumapili. Wengine wakakataa wakajitenga.

Samoa ya Marekani haikuhama. Kutoka Upolu ni ndege ndogo, chini ya saa moja angani, na tofauti ni saa 24 kamili. Pasipoti ya Afrika Mashariki huhitaji kibali chake mbali, kiombwe mapema. Na chagua siku ya kuruka kwa akili. Ukimaliza Jumapili yako Apia, ukapumzika, ukaondoka Jumatatu asubuhi, utatua Pago Pago Jumapili asubuhi. Maduka yatakuwa yamefungwa, moshi wa umu umetanda, na watu wamevaa nyeupe wakielekea kanisani. Beba maji na mkate, na kikoi usikipakie chini kabisa ya sanduku.